Kuvua na watoto wa miaka 4, 7 na 10: vifaa vipi, na hayo maswali yao tuyajibuje?

MzaziWaWatatu

Wakuu, salaam. Tunapanga kwenda kuvua kwa mshipi na watoto watatu, wa miaka 4, 7 na 10. Watu wazima tuko wawili. Ni bwawa la maji yaliyotulia, ukingo wa nyasi, na tutabaki nchi kavu, hatupandi chombo. Kibali tunacho na kimo cha chini cha samaki wa kuchukua tunakijua, kwa hiyo hayo tuyaruke.

Hawa watoto ni wa "kwa nini" kuanzia alfajiri. Basi maswali yangu yako ya namna mbili. Kwanza vifaa: kila mtoto apewe nini, mshipi wa unene gani, ndoana namba ngapi, na tufanyeje tusije tukamaliza asubuhi nzima tunafumbua mafundo? Pili ni yale watakayouliza wao: samaki analala? Anatusikia? Anaumia? Sipendi kuwapa majibu ya uongo ili mradi wanyamaze. Na huyu wa miaka 4, ni busara kumpa ndoana?

Chubwi_na_Boya

Rili (kigurudumu cha kuviringia mshipi) iacheni nyumbani, angalau kwa hao wawili wadogo. Mafundo wanayolaumiwa watoto mara nyingi huletwa na mshipi mwingi kupita kiasi. Mpe ufito mtupu, wa mwanzi mkavu au wa faiba unaochomeka vipande, mita 2.5 hadi 3 kwa wa miaka 7, mshipi ukiwa umefungwa kwenye ncha. Urefu wa mshipi uwe pungufu ya ufito kwa sentimita 30 hivi. Kipimo hicho ndicho kinachoamua siku itakwendaje: mtoto akiinua ufito wima, ndoana inamjia mkononi, usawa wa kifua. Ukiuzidisha, ndoana inapitiliza hadi usoni kwake au kwa jirani.

Usiufunge nchani peke yake. Funga kwanza sentimita 20 chini ya ncha, uzungushe kuelekea juu, kisha funga tena nchani. Ncha ikivunjika, samaki na mshipi bado viko mkononi.

Mshipi ni nailoni ya uzi mmoja, unene wa milimita 0.20 hadi 0.25. Unatosha kabisa kwa samaki wa chini ya kilo moja. Sentimita 25 za mwisho zinazoshika ndoana ziwe nyembamba zaidi, 0.16, ili mkinasa kwenye gogo ikatike hiyo tu, boya na risasi vibaki.

Ndoana: namba 10 au 12 kwa samaki wadogo, 8 wakiwa wa kujaza kiganja. Namba za ndoana zinakwenda kinyume: 12 ni ndogo kuliko 8. Chagua yenye shina refu, kwa sababu mtoto na mzazi wote hupata pa kushikia wakati wa kuichomoa. Kisha kabla hamjaondoka nyumbani, chukua koleo ubane kile kijino cha nyuma ya ncha mpaka kilale kabisa. Mshipi ukiwa umekaza muda wote, samaki hatoki kwa kukosa kijino, na ndoana hiyo ikimwingia mtu kidoleni inatoka ilivyoingia. Ukibana nusunusu hujafanya kitu. Pitisha kipande cha pamba kwenye ncha, ikinasa rudia.

Boya lisiwe lile gololi kubwa jekundu na jeupe. Linapendeza, ila samaki mdogo akivuta anakutana na uzito wa boya, anatema. Tumia jembamba la sentimita 10 hadi 15, la mti mwepesi au unyoya, au bua kavu. Ongeza risasi ndogo za kubana mpaka kibaki kichwa cha sentimita moja juu ya maji. Risasi nyingi ziwe katikati ya boya na ndoana, moja ndogo ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye ndoana. Na ingawa nimeziita risasi kwa mazoea, nunua za bati au madini mengine, zisiwe za risasi yenyewe. Ni sumu, na watoto huzibana kwa meno. Uingereza ilizipiga marufuku nyingi za ukubwa wa kuvulia tangu mwaka 1987 kwa sababu ndege wa majini walikuwa wakizimeza.

Fundo la ndoana: pitisha mshipi kwenye tundu, acha mkia wa sentimita 10. Zungusha mkia kwenye mshipi mkuu mara 5 au 6. Rudisha mkia ndani ya kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu la ndoana, kisha uupitishe kwenye kitanzi kikubwa ulichokitengeneza hivi punde. Lowesha, vuta polepole, kata mkia ukiacha milimita 2. Kulowesha si mbwembwe, maana nailoni ikisuguana kavu hupata joto na kudhoofika papo hapo kwenye fundo. Fundo likikatika bila samaki mkubwa wala gogo, mara nyingi sababu ni hiyo.

Kina pia msikisie. Boya likilala ubavu, risasi zimekaa chini kwenye tope, kwa hiyo lishushe karibu na ndoana. Likisimama wima lakini haliguswi kwa dakika 5, lipandishe sentimita 15 mjaribu tena. Endeleeni hivyo mpaka lianze kulala, kisha rudisheni kidogo. Wa miaka 10 anaweza kuachiwa kazi hii peke yake na ataipenda kuliko kushika ufito.

Mwisho, dawa halisi ya mafundo: nyumbani andaa mishipi sita kamili, kila mmoja na boya, risasi na ndoana yake, uviringe kwenye vipande vya soli ya sandali kuukuu, ncha ya ndoana imechomekwa ndani ya soli. Ubavuni mwa kila kipande andika urefu. Fundo likizidi dakika 2 kulifumbua, usihangaike nalo. Kata, funga mwingine, ule wa zamani utie mfukoni. Mtoto hawezi kuvumilia dakika 15 za kutazama mgongo wa mzazi.

KambaYaUkingoni

Chubwi amemaliza vifaa, mimi nashughulikia miguu na maji.

Kwa watoto hao watatu, watu wazima wawili wana kazi mbili na hakuna hata mmoja kati yenu atakayevua. Mmoja ni wa mtoto wa miaka 4 peke yake, muda wote, umbali wa mkono. Mwingine anasimama katikati ya wale wawili. Mkisema "nitakuwa naangalia huku nikivua kidogo", boya litawashinda macho. Ndivyo boya lilivyotengenezwa.

Jaketi la kuokolea huchaguliwa kwa uzito wa mtoto, si umri, soma lebo. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini litamvuka kichwa. La mdogo lazima liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Maputo ya mikononi ni ya kuchezea, hayahesabiki. Lazeni kamba ardhini mita 3 kutoka kwenye maji: ng'ambo ya kamba hakuna kwenda bila jaketi. Mtoto anaelewa kamba kuliko anavyoelewa "usisogee sana".

Kagueni ukingo kabla watoto hawajashuka garini. Nyasi zinazoning'inia juu ya maji mara nyingi chini yake pametoboka, kwa hiyo kanyageni kwa nguvu nyinyi kwanza. Tazameni juu pia kama kuna nyaya za umeme. Ufito wa kaboni hupitisha umeme vizuri mno. Ngurumo ya kwanza ikisikika mnafunga, na hamrudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mahali penye mamba au viboko si pa watoto na mshipi, hata kama wenyeji wanavua hapo.

Wavuaji wawili wakae mita 5 mbalimbali. Kabla ya kuinua ufito mtoto anageuka, anaangalia nyuma, anasema "nyuma!" kwa sauti. Fanyeni iwe sehemu ya mchezo. Kofia yenye ukingo na miwani ni kinga ya macho dhidi ya ndoana kabla ya kuwa kinga ya jua. Ile miwani inayokata mng'ao wa maji ina faida ya ziada, kwamba watoto wanawaona samaki walio chini, na hapo maswali yanazidi maradufu.

Huyo wa miaka 4 asipewe ndoana. Mpe ufito wa mita moja na nusu, boya lake, na badala ya ndoana kipande cha ganda la mkate kilichofungwa kwa uzi. Visamaki vinakuja kuking'ang'ania, boya linacheza, anaona kila kitu na hakuna cha kuchomoa. Atakaa nacho dakika 10. Akichoka, mpe chujio na beseni JEUPE. Rangi ni muhimu, kwa kuwa kwenye beseni la bluu au la kijani wadudu hawaonekani. Pitisha chujio kwenye majani ya ukingoni, mwaga ndani ya beseni lenye maji sentimita 5, subirini dakika moja vumbi litulie. Mtaona konokono, viluwiluwi, na mkibahatika buu la kerengende, ambalo likiguswa hufyatua maji kwa nyuma na kuruka mbele. Hapo hata mkubwa ataacha ufito wake.

Tahadhari: kama maji hayo yanajulikana kuwa na kichocho, mambo ya beseni futeni kabisa. Vimelea vyake hupenya ngozi, na maji yaliyochotwa sasa hivi ni yale yale ya bwawani. Chukueni maji safi ya nyumbani kwa ajili ya kulowesha mikono.

Muda: saa moja na nusu, basi. Jioni jua likilegea au asubuhi mapema, samaki wanasogea ukingoni. Saa sita mchana samaki wameingia kilindini na watoto wanaungua.

Faiba_Mita3

Napingana na Chubwi kwa huyo wa miaka 10 tu. Ufito mtupu unamfikisha mita 4 au 5 kutoka ukingoni na atauchoka. Rili ya kufunikwa, ile yenye kitufe nyuma, anaimudu kwa sharti moja: ajifunze kwenye nyasi siku moja kabla, mshipi ukiwa na chubwi ya gramu 10 na HAKUNA ndoana. Weka ndoo mita 10. Anabonyeza kitufe na kukishikilia, analeta ufito nyuma mpaka usawa wa sikio, anaupeleka mbele bila kukurupuka, anaachia kitufe ufito unapoelekea juu kidogo ya ndoo. Chubwi ikipaa angani amewahi kuachia. Ikipiga ardhi mbele ya miguu amechelewa. Baada ya dakika 20 atakuwa anaizunguka ndoo.

Kinachoharibu rili mikononi mwa watoto ni kuzungusha mkono wa rili huku breki (inayoachia mshipi utoke ukivutwa kwa nguvu) inateleza. Samaki au gogo limegoma, mtoto anazungusha tu, mshipi hauingii bali unajisokota, na baada ya hapo kila akirusha unatoka umejikunja kama chemchemi ya kalamu. Breki ipimwe hivi: funga chupa ya lita moja iliyojaa maji robo tatu kwenye mshipi wa 0.20, inua ufito. Breki ianze kuachia polepole chupa inapoondoka chini. Ikinyanyuka bila kuachia, legeza. Na mfundishe maneno mawili: "inua" na "zungusha ukishusha". Anavuta kwa ufito, anakusanya mshipi anapoushusha. Rili si winchi.

Mshipi ukishajisokota, usiutupe. Toa ndoana na risasi zote, uachie nyuma yako kwenye nyasi mita 30 hivi huku ukitembea, kisha uukusanye ukiubana kwa vidole viwili.

MzaziWaWatatu

Hii ya soli ya sandali naifanya leo leo. Chambo je? Na bado nasubiri jibu la "samaki anatusikia".

Chubwi_na_Boya

Chambo kiwe kidogo kuliko unavyodhani. Kipande cha nyungunyungu cha sentimita 2, kimevikwa kwenye ndoana, ncha ipo wazi kidogo. Au sehemu laini ya mkate, ikandwe na matone ya maji mpaka isigande vidoleni, donge la ukubwa wa punje ya njegere. Ukiweka nyungunyungu mzima, visamaki vinashika mkia unaoning'inia, boya linacheza weee, mtoto anainua, hakuna kitu. Hiyo ndiyo sababu nambari moja ya vilio.

Kuwakusanya samaki: pumba na makombo ya mkate mkavu nusu kwa nusu, maji yatiwe kidogo kidogo. Ukifumba mkononi lishikane, likigonga maji lisambaratike. Donge moja la ukubwa wa limau dogo kila baada ya dakika 10 au 15, mahali pale pale. Hiyo kazi mpe wa miaka 4, ila chungulia ndoo, kwa kuwa akimwaga yote kwa mkupuo samaki watashiba mkae bure.

Na kuhusu kuinua: watoto hufyatua ufito mpaka samaki anaruka nyuma yao mtini. Boya likizama, wainue kiganja tu, sentimita 20. Ndoana kali haihitaji zaidi.

Mapezi

Sasa hayo ya "kwa nini". Mengi yana jibu unaloweza kulionyesha hapo hapo ukingoni, na ni bora kulionyesha kuliko kuhutubia.

Anatusikia? Ana masikio, yako ndani ya kichwa, hayana tundu nje. Tena ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo unaohisi mtikisiko wa maji. Mwonyeshe mtoto kwenye samaki wa kwanza, unaonekana kama mshono. Lakini sauti ya hewani ikifika kwenye uso wa maji karibu yote hurudi ilikotoka. Mguu unaopigwa ardhini hauna kizuizi hicho, mtikisiko unaingia moja kwa moja, na ndani ya maji sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kwa hiyo acheni watoto waongee na kucheka watakavyo. Wakatazeni kurukaruka na kuburuza ndoo.

Anatuona? Anaona. Akitazama juu, ulimwengu wote wa nje anauona umebanwa ndani ya duara lililo juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo tu. Mtu aliyesimama wima ukingoni anaingia ndani ya duara, aliyechuchumaa anabaki pembezoni kabisa au hafichuki. Waambie wachuchumae, waone kama visamaki vitarudi.

Jambo hilo hilo la mwanga kupinda lina hatari yake. Tumbukiza ufito nusu majini, utaonekana umevunjika. Kisha mwulize mkubwa akadirie kina kwa macho, halafu apime kwa ufito. Maji ya mita moja ukiyatazama kwa juu huonekana ya sentimita 75. Hapo unapata nafasi ya kueleza kwa nini "yananifika magotini tu" si hoja.

Mbona hewa ina oksijeni tele lakini samaki anakufa hewani? Beba brashi laini ya rangi za maji. Itumbukize: nywele zinatanuka, kila moja peke yake. Itoe: zinagandana kuwa ncha moja. Matamvua ni hivyo hivyo, yana nyuzi nyingi laini ambazo hewani hulaliana, na eneo la kuvutia oksijeni linatoweka. Jibu hili hata wa miaka 4 analishika.

Mbona yule wa kwenye ndoo anahema juu juu? Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi lita moja hubeba miligramu 9 hivi, kwa nyuzi 30 hubaki 7 na nusu, na ndoo juani hupanda haraka. Ndoo iwe kivulini, maji yabadilishwe kila dakika 10, samaki asikae humo zaidi ya muda wa kutazamwa.

Analala? Anapumzika, anatulia karibu na chini, anapunguza mwendo. Macho hafumbi kwa sababu wengi wao hawana kope.

Anakunywa maji? Wa maji baridi karibu hanywi, maji huingia yenyewe kupitia matamvua na yeye hukojoa sana. Samaki wengi wa baharini wenye mifupa hunywa, chumvi wanaitolea kwenye matamvua. Jiandae kwa kicheko kwenye neno "hukojoa".

Mbona mgongo mweusi na tumbo jeupe? Ndege akitazama kutoka juu anaona giza la kilindi, adui akitazama kutoka chini anaona mwanga wa anga.

Umri wake? Hesabu mistari ya kwenye gamba kwa lenzi.

Anaumia? Jibu bila kupamba: mdomoni ana neva zinazotambua jeraha. Anachokihisi ndani yake wanasayansi bado wanabishania. Kwa hiyo ndoana haina kijino, mikono imelowa, na hatumchezei. Akiuliza tena "kwa nini basi tunavua?", hilo ni la wazazi, mimi simo.

Magamba_na_Ute

Mapezi, kwenye umri hapo umepita haraka. Mistari ya kwenye gamba husomeka vizuri pale ambapo baridi husimamisha ukuaji wa samaki kila mwaka. Kwenye maji ya joto mwaka mzima haijipangi sawasawa, na gamba lililong'oka likaota upya halina mistari ya miaka ya mwanzo. Wataalamu hutegemea zaidi vijiwe vidogo vilivyo ndani ya masikio. Mtoto ahesabu kwa furaha, ila msimwambie ana miaka mitano kamili.

Niongeze kumshika. Mikono ilowe kwanza; ute wa samaki ni ngozi yake ya pili, mkono mkavu au taulo huung'oa na pale ukungu huingia. Perege ana miiba mikali kwenye pezi la mgongoni: telezesha kiganja kutoka kichwani kuelekea mkiani, miiba italala, usianze mkiani. Kambare ana mwiba mmoja kila upande nyuma ya kichwa; huyo ashikwe na mtu mzima, vidole viwe nyuma ya miiba hiyo. Msimnyanyue kwa kumtia vidole kwenye matamvua kama anarudi majini.

Kutoa ndoana: koleo lenye mdomo mrefu, shika shina, sukuma nyuma kwa njia ile ile iliyoingilia. Sekunde 10 hewani, zikizidi mrudishe kwenye maji apumue kwanza. Akiwa ameimeza hadi kooni msichokonoe, kata mshipi karibu kabisa na mdomo mumwachie; kuchokonoa humwua mara nyingi zaidi. Mkiona wanameza mara kwa mara, mnachelewa kuinua. Kumrudisha si kumtupa. Mshike chini ya maji mpaka aondoke mwenyewe. Mtoto apewe kazi hiyo.

Wa kuchukua nyumbani auawe mara moja, pigo moja au mawili ya kijiti kizito juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho. Kumwacha arukeruke kwenye nyasi ndiko kunakowaliza watoto, na wana haki.

KambaYaUkingoni

Hakuna aliyegusa ndoana kidoleni. Kata mshipi kwanza, hapo hapo, ili ufito usivute. Ya kijino kilichobanwa unaitoa kwa kurudisha nyuma. Yenye kijino kizima: tia uzi imara wa sentimita 50 kwenye mpindo wa ndoana, uzungushe mara mbili kwenye kidole chako. Kwa mkono mwingine kandamiza shina, upande wa tundu la kufungia mshipi, ligusane na ngozi. Kisha vuta uzi kwa ghafla, sambamba na ngozi, kuelekea upande ulio kinyume na tundu hilo. Kandamizo hilo ndilo linalofungua njia ya kijino; ukivuta bila kukandamiza unararua. Watu wengine wasisimame mbele, ndoana huruka. Osha kwa sabuni na maji mengi, na angalia kama chanjo ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Ikiwa ni usoni, shingoni, karibu na kiungo, au imezama kusikoonekana ncha, usijaribu. Nenda hospitali nayo ikiwa imebandikwa isitikisike. Jicho halikandamizwi wala halisafishwi: funika kwa kikombe cha karatasi kisicholigusa, mwondoke.

MzaziWaWatatu

Shukrani sana wakuu. La mwisho: mkubwa anataka kumpasua samaki mwenyewe aone ndani. Kisu kwa miaka 10?

Magamba_na_Ute

Mkasi wenye ncha butu, kisu hakihitajiki. Samaki alale kwenye trei, mpe glovu ili asiteleze. Aanzie tundu la haja, akate kwenda mbele hadi chini ya matamvua, mkasi ukiinuliwa juu juu usitoboe utumbo. Akitoboa nyongo, ile kijani, nyama itakuwa chungu, basi hapo aende polepole. Kisha afungue ubavu mmoja kama mlango.

Moyo uko mbele kabisa, karibu na koo, na una vyumba viwili tu vikuu. Kile kipuli cheupe kinachong'aa chini ya uti wa mgongo ni kibofu cha hewa: akitoe kizima, akitie kwenye kikombe cha maji, kitaelea, na hapo ataelewa samaki anavyosimama katikati ya maji bila kuzama. Tumbo alipasue juu ya sahani nyeupe aone kilicholiwa. Kama ni mwani mtupu, safari ijayo mnajua nyungunyungu si chaguo la kwanza.

Jicho alitoe mwisho. Lenzi yake ni gololi ndogo angavu. Aisuuze, aiweke juu ya herufi za gazeti, asome.